Musisi Hana Miadi: Historia ya Ugumu wa Kutabiri Matetemeko ya Ardhi, Toro 1966 hadi Kagera 2016

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya jitihada za kutabiri matetemeko ya ardhi kwa kuyachunguza matukio ya Uganda na majirani zake, hasa tetemeko la Toro la 1966 na lile la Kagera la 2016, na kuyalinganisha na yaliyotokea China, Marekani na Italia. Hoja inayojengwa ni kwamba ugumu huo una pande mbili. Upo upande wa miamba, ambayo haijapata kutoa ishara ya kutegemewa, na upo upande wa lugha, ambamo neno moja la Kiswahili, utabiri, limebebeshwa dhana tatu zisizolingana. Upande huu wa pili ndio usioandikiwa sana, nao unaihusu Kampala moja kwa moja.

Tetemeko lililosahauliwa

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 20 Machi 1966, yapata saa kumi na dakika arobaini, ardhi ilitikisika katika bonde la mto Semliki, mpakani mwa Uganda na Kongo. Ukubwa wa tetemeko hilo hutajwa kuwa kati ya 6.6 na 6.8, kutegemea kipimo kilichotumika. Waliofariki walizidi 150 na waliojeruhiwa walizidi 1,300. Wengi wao walikuwa usingizini, ndani ya nyumba za udongo na matofali mabichi ambazo kuta zake hazikuweza kuhimili mtikisiko wa kwenda kando. Maelfu ya nyumba yalianguka Bwamba na kwingineko Toro, na upande wa Kongo eneo la Beni nalo liliathirika.

Msomaji wa historia ya Uganda anaweza kusoma vitabu vingi kuhusu mwaka 1966 asikutane na tukio hilo hata mara moja. Sababu haiko mbali. Tarehe 24 Februari mwaka huo, Waziri Mkuu Milton Obote alikuwa ameisimamisha katiba. Tarehe 15 Aprili ikapitishwa katiba mpya. Na tarehe 24 Mei jeshi likalivamia kasri la Kabaka Mutesa II huko Mengo. Tetemeko la Toro lilidondoka katikati ya mtikisiko mwingine. Tafsiri za zamani za Biblia ya Kiswahili hulitaja jambo hili kwa jina la tetemeko la nchi, na huenda ni heri kwamba matumizi ya leo yamehamia kwenye ardhi, kwa maana katika Uganda ya 1966 jina lile la kale lingeleta utata mkubwa.

Zaidi ya hayo, Bwamba yenyewe ilikuwa pembezoni mara mbili. Ilikuwa mbali na Kampala, na wakati uleule ilikuwa ndani ya mgogoro wa Rwenzururu, ambamo Wakonzo na Waamba walikuwa wakiikataa mamlaka ya ufalme wa Toro tangu 1962. Hata kama mtaalamu fulani angelikuwa na onyo la kutoa usiku ule, ingefaa kuulizwa onyo hilo lingepita kwa nani, na katika lugha gani, hadi liwafikie watu ambao hawakuwa tayari kuisikiliza serikali iliyokuwa ikipigana nao.

Maandishi mawili ya kitaalamu yanastahili kutajwa. La kwanza ni taarifa ya ujumbe wa UNESCO iliyotayarishwa na Loupekine na kutolewa mwaka huohuo wa 1966, ambayo inaliita tetemeko hilo la Uganda. La pili ni makala ya Lahr na Pomeroy ya 1970, ambayo inaliweka katika Jamhuri ya Kongo. Tofauti hiyo ya anwani si kosa la yeyote: waliohesabu maiti na nyumba walitazama Toro, na waliotafuta kitovu kwa saismografu waliangukia ng'ambo ya mpaka. Lakini lililo muhimu zaidi katika makala ya 1970 ni kwamba inajadili mfululizo wa aina tatu za matetemeko: tangulizi, kuu na fuatizi. Kwa maneno mengine, ardhi ilikuwa imetikisika kabla.

Hapa ndipo mzizi wa tatizo ulipo. Tetemeko tangulizi halina alama usoni. Linaitwa tangulizi baada ya lile kubwa kupita. Kabla ya hapo ni tetemeko dogo kama mengine yote. Na katika milima ya Rwenzori madogo ni mengi mno. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Frankfurt, wakishirikiana na wenzao wa Makerere, walipotandaza vituo vya muda kuizunguka milima hiyo kati ya 2006 na 2007, walirekodi kwa wastani matetemeko zaidi ya 800 kila mwezi. Mkuu wa wilaya ambaye angetangaza hatari kila mara ardhi inapotikisika huko angekuwa ametangaza zaidi ya mara ishirini na tano kwa siku. California, ambako takwimu ni za muda mrefu, inakadiriwa kuwa tetemeko moja tu kati ya ishirini hufuatwa na kubwa kuliko lenyewe katika siku chache zinazofuata. Kumi na tisa hupita bure.

Musisi hupita, tetemeko hutokea

Kiganda hulijua tetemeko kwa jina la musisi, na Kinyoro na Kitoro vina umbo la karibu mno na hilo. Katika imani za jadi za Buganda Musisi ni mmoja wa balubaale, mwenye mamlaka juu ya kutikisika kwa dunia. John Roscoe alimwandika hivyo katika kitabu chake kuhusu Waganda cha 1911. Ni jina la watu pia, linalosikika kila siku mitaani Kampala. Kisarufi, Kiganda humpa musisi upatanisho wa nafsi, kama mtu, na kitenzi anachoambatana nacho mara nyingi ni kupita. Musisi amepita: hivyo ndivyo habari hutolewa asubuhi yake.

Kiswahili kimeshika njia nyingine. Neno tetemeko limetokana na kitenzi tetema, na ni jina la tendo, halina nafsi. Hutokea, halipiti. Kando yake lipo neno zilizala, lenye asili ya Kiarabu, linalobeba mwangwi wa sura ya 99 ya Kurani na habari za Siku ya Mwisho. Kinyarwanda kina umutingito. Majirani hawa wote wanaishi juu ya bonde moja la ufa, na kila mmoja amelitaja jambo lilelile kwa mtazamo wake.

Ni rahisi kudhani kuwa jina la kimungu ni masalia ya ujinga na jina la tendo ni mlango wa sayansi. Dhana hiyo haina msingi madhubuti. Anayesema musisi amepita anakiri jambo ambalo sayansi ya matetemeko ilichukua karne nzima kulikiri, yaani kwamba mgeni huyu hatoi miadi. Habari zake ni za wakati uliopita daima.

Tofauti kubwa zaidi, na ambayo haijaangaliwa vya kutosha, haiko katika jina la tetemeko bali katika kitenzi cha kulitarajia. Kiganda kina okulagula, ambacho ni kazi ya mlaguzi na kina undugu wa wazi na kuagua kwa Kiswahili. Na kina okuteebereza, kukisia kwa kuzingatia dalili. Taarifa za hali ya hewa katika Kiganda zilichukua kitenzi cha pili. Kiswahili, kwa upande wake, kilipohitaji jina la taarifa hizohizo kilichukua utabiri. Kutabiri kuna asili ya Kiarabu katika neno la kufasiri ndoto, na kwa muda mrefu katika Kiswahili kumetumika kwa manabii, kwa wanajimu na kwa wasomaji wa ndoto. Mtangazaji anapotaja utabiri wa hali ya hewa hakuna anayemdhania kuwa nabii, kwa sababu mvua huja au haiji kesho yake na msikilizaji amezoea kuona utabiri ukikosea. Tetemeko halitoi mazoea hayo. Neno lilelile, likihamishwa kutoka kwenye mvua hadi kwenye miamba, hurudi kwenye maana yake ya kale, na msikilizaji huliamini lote au kulikataa lote.

Karne ya matumaini

Matumaini ya kutabiri yaliongezeka sana katika miaka ya 1970. Tarehe 4 Februari 1975 wakuu wa mji wa Haicheng, kaskazini-mashariki ya China, waliwaondoa watu majumbani saa chache kabla ya tetemeko la ukubwa wa zaidi ya 7. Maelfu ya roho yaliokolewa. Ilidhaniwa kuwa kitendawili kimeteguliwa. Kilichowasaidia zaidi kilikuwa mfululizo mkubwa wa matetemeko tangulizi uliowatia watu hofu kabla hata amri haijatolewa. Mambo mengine yaliyotajwa, kama nyoka waliotoka mashimoni wakati wa baridi na visima vilivyobadilika maji, hayakupata kuthibitika kuwa ishara ya kutegemewa kwingineko. Tarehe 28 Julai 1976 mji wa Tangshan, katika nchi ileile yenye wataalamu walewale, uliporomoka usiku bila onyo lolote. Hesabu rasmi ilikuwa vifo zaidi ya 240,000.

Marekani ilijaribu njia ya hesabu. Kijiji cha Parkfield huko California kilikuwa kimepata matetemeko yanayofanana mwaka 1857, 1881, 1901, 1922, 1934 na 1966, kwa wastani wa miaka 22 hivi. Kwa hiyo mwaka 1985 ikatangazwa rasmi kwamba lingine lingekuja karibu na 1988, na kabla ya kwisha kwa 1993. Vyombo vya kila namna vikafukiwa ardhini. Tetemeko lilikuja tarehe 28 Septemba 2004, miaka kumi na moja nje ya muda, na vyombo vile, ambavyo havikuwa na kazi nyingine ila kulisubiri, havikuona ishara ya wazi iliyolitangulia.

Inafaa mtu ajaribu mchezo huohuo hapa Uganda ili aone unavyopotosha. Matetemeko makubwa ya upande wa magharibi ni pamoja na lile la Julai 1912, lile la Machi 1966 na lile la Kisomoro, karibu na Fort Portal, la Februari 1994. Kati ya la kwanza na la pili ni miaka 54; kati ya la pili na la tatu ni miaka 28, yaani karibu nusu. Mwenye kupenda namba atagawanya tena kwa mbili na kupata 14, kisha atatangaza mwaka 2008. Na ajabu ni kwamba tarehe 3 Februari 2008 mji wa Bukavu na Rwanda ya kusini-magharibi vilitikiswa kweli, na watu wakafa. Hapo mtabiri angejengewa jina. Asingeulizwa na wengi kwa nini Bukavu, iliyo mamia ya kilomita kusini ya Rwenzori, ihesabiwe katika mfululizo huo, wala kwa nini tetemeko la Masaka la Machi 1945 liachwe nje. Akiendelea kugawanya angepata miaka saba na kutaja 2015.  Namba chache zikichaguliwa vizuri husema lolote mtu analotaka zimwambie.

Sababu ya kushindwa huko inaeleweka kwa sehemu. Mabamba ya ganda la dunia katika Bonde la Ufa la Magharibi huachana kwa milimita chache tu kwa mwaka. Mkazo hujikusanya kwa mamia au maelfu ya miaka katika mipasuko mingi, na kumbukumbu za vyombo hazijatimiza hata karne moja na nusu. Vituo vya kwanza vya kudumu vilivyolitazama bonde hili kwa karibu, kama kile cha Lwiro karibu na Bukavu, ni vya miaka ya 1950. Aidha, mpasuko unapoanza kuachia hauonekani kujua utakomea wapi. Tetemeko la ukubwa wa 4 na lile la 7 yaweza kuwa yanaanza kwa namna ileile, na tofauti ikajulikana pale tu mpasuko unapoendelea kukimbia badala ya kusimama.

Kagera na Goma

Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na dakika 27 alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa wa Kagera nchini Tanzania, kitovu chake kikiwa wilaya ya Missenyi, si mbali na mpaka wa Uganda, kwenye kina cha takribani kilomita 40. Watu 17 walifariki upande wa Tanzania na mamia walijeruhiwa. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika kiasi cha kufungwa. Rakai nayo, upande wa Uganda, iliathirika, na Kampala ikatikisika. Kwa ukubwa lilikuwa dogo kuliko yale ya Toro na Kisomoro. Kilichowashtua wengi ni mahali lilipotokea: ukingo wa magharibi wa ziwa Victoria, mashariki ya mkondo mkuu wa bonde, ambako mjenzi wa kawaida hakuwa na sababu ya kufikiria zilizala. Kwa hiyo hata swali linalodhaniwa kuwa rahisi, swali la wapi, lilijibiwa kinyume cha matarajio.

Miezi michache baadaye, Januari 2017, Rais John Magufuli alipozuru Kagera aliwaambia wananchi kwamba serikali haikulileta tetemeko na isingemjengea kila mtu nyumba. Kauli hiyo ilijadiliwa sana. Kwa mtafiti wa lugha inavutia kwa kitenzi chake: kukanusha kuleta ni kukubali kwamba wapo waliokuwa wakimtafuta mletaji. Italia swali hilohilo lilifika mahakamani. Baada ya tetemeko la L'Aquila la tarehe 6 Aprili 2009, lililoua watu 309, wanasayansi sita na ofisa mmoja wa serikali walihukumiwa mwaka 2012, na wanasayansi wakaachiwa huru katika rufaa mwaka 2014. Hawakushtakiwa kwa kushindwa kutabiri, ingawa dunia nzima ililisimulia hivyo. Walishtakiwa kwa maneno ya kutuliza watu wakati ardhi ikitikisika kwa miezi. Ilikuwa kesi ya lugha.

Tukio la Goma la 2021 lina fundisho la aina nyingine. Volkano ya Nyiragongo ililipuka jioni ya tarehe 22 Mei bila onyo la kufaa, wakati kituo cha uchunguzi wa volkano cha mji huo kilikuwa kimedhoofika baada ya ufadhili wa Benki ya Dunia kukoma mwaka 2020. Siku zilizofuata matetemeko hayakukatika, na tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi, Constant Ndima, akaamuru mitaa kumi ya Goma ihamwe kwa hofu kwamba lava ilikuwa chini ya mji. Mamia ya maelfu walikimbia, wengi kuelekea Sake na Rwanda. Mlipuko wa pili haukutokea, na kuanzia Juni watu walianza kurejeshwa. Je, onyo lile lilikuwa kosa? Kwa kipimo cha utabiri, ndiyo. Kwa kipimo cha makadirio ya hatari, hapana: uwezekano ulikuwapo, na gharama ya kutohama ingaliweza kuwa mji mzima. Yule aliyelala siku kadhaa barabarani Sake hana neno la kutofautisha vipimo hivyo viwili, ikiwa aliambiwa kuwa wataalamu wametabiri.

Sekunde za Kampala

Dhana tatu, basi, zinahitaji majina matatu. Ya kwanza ni kutaja siku, mahali na ukubwa. Hiyo iachiwe neno utabiri, na isemwe wazi kuwa hakuna anayeiweza. Ya pili ni kueleza uwezekano kwa miaka mingi, ambayo ndiyo hutumika kuandika kanuni za ujenzi, kama ile iliyotolewa na Shirika la Viwango la Taifa la Uganda mwaka 2003. Hiyo ni makadirio. (Wanaotaka neno lisilo na harufu ya dini wajue kwamba kukadiria kuna mzizi mmoja na kadari na kudura, hakuna pa kukimbilia.) Ya tatu ni ishara inayotumwa baada ya tetemeko kuanza, kabla mtikisiko mkubwa haujafika mbali. Mexico ilianza kuitumia mapema katika miaka ya 1990, na Japani iliwafungulia wananchi wote mwaka 2007. Tahadhari ni neno linaloifaa, mradi lisitumiwe kwa zile mbili za kwanza.

Dhana hii ya tatu ndiyo inayoihusu Kampala zaidi. Kutoka Fort Portal hadi Kampala, kwa mstari ulionyooka, ni takribani kilomita 250. Mawimbi ya kwanza ya tetemeko, yaliyo mepesi, husafiri kilomita kama sita kwa sekunde. Yale ya pili, yanayobomoa, husafiri kama tatu na nusu. Tetemeko likianza Rwenzori, mawimbi ya kubomoa yatachukua zaidi kidogo ya dakika moja kuufikia mji mkuu. Mtandao wa vyombo ungeweza kuitumia sehemu kubwa ya dakika hiyo kutuma ujumbe kwenye simu. Mtandao kama huo haujajengwa Uganda. Na hata ukijengwa, mkaaji wa Bundibugyo, aliye juu ya mpasuko wenyewe, hatapata sekunde hata moja. Aliyefiwa 1966 ndiye ambaye teknolojia hii haimfikii.

Swali la ujumbe wenyewe bado liko wazi. Marekebisho ya katiba ya 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, lakini mjini Kampala tahadhari ya sekunde arobaini ikiandikwa kwa Kiswahili tu itawapita wengi, na ikiandikwa kwa Kiingereza tu itawapita wengine. Neno musisi lina silabi tatu na linaeleweka kuanzia sokoni Owino hadi Fort Portal. Tetemeko la ardhi lina silabi saba. Hilo ni jambo la kupimwa na wanaistilahi wasiokiona Kiganda kuwa mshindani. Na kitenzi kitakachofuata jina hilo hakiwezi kuwa kimoja. Aliye katika nyumba ya udongo yenye mlango karibu ni heri aambiwe atoke. Aliye ghorofa ya sita katika barabara ya Kampala, mwenye ngazi nyembamba nyuma yake na vioo juu ya njia ya waendao kwa miguu, ni heri aambiwe ainame chini ya meza na kuishika.